Farasi Asiyejua Kiswahili

Ndugu zangu wa barazani Majengo,

Leo nimefedheheka. Mchana, hadharani, juu ya farasi. Nawaandikia kutoka Githongo nikiwa nimekaa juu ya rundo la udongo, mikono imejaa malengelenge. Barua hii anawaletea Mzee Rajabu, kwa sababu gari lake la mbuzi ndilo pekee linalorudi Meru leo. Atataka kuwasimulia yeye kwanza. Mwambieni anyamaze, someni hii.

Kabla ya farasi kuna jambo moja. Mnanijua kama Salim wa Lamu. Mimi si wa Lamu. Bahari nimeiona kwenye kalenda ya duka la Mhindi. Nimezaliwa hapa hapa Githongo, jina langu la nyumbani ni Kirimi, na Kimeru ndiyo lugha niliyoinyonya kwa mama. Hicho Kiswahili changu mnachokisifu nilifundishwa na mpishi mmoja wa Kilamu nilipokuwa namwoshea sufuria (kila nikikosea ngeli alinipiga mwiko, ndiyo maana kikaingia). Nilipofika Majengo mkanisikia nikiongea, mkasema huyu mtu wa Pwani. Sikubisha. Katika hii Hali ya Hatari, Mmeru haendi hata kumwona shangazi yake bila pasi, lakini mtu wa Pwani anaonyesha karatasi yake anapita. Mngekuwa nyinyi mngebisha?

Basi nikampenda Zuhura, binti wa Mzee Rajabu mwenye bucha, nikaenda kuposa. Mzee akaniuliza kwetu ni wapi na wazazi wangu ni nani. Alisema hatoi binti kwa mtu asiyejulikana kwao. Nikamwambia wote wamekufa, mama wa mwisho, kwa homa, amezikwa Lamu. Mzee ni mtu wa huruma. Alichinja mbuzi, tukamsomea mama yangu hitima. Nyinyi mlikuwepo. Mlikula pilau, na wengine mlirudia sahani. Jibu la posa alisema angenipa Ijumaa ijayo.

Mama yangu ni mzima. Kila Krismasi humpelekea sukari kwa mkono wa mtu.

Sasa farasi. Mnamjua Mutwiri, yule saisi anayetunza farasi wa mzungu huko Timau, anayekuja kwa kinyozi na harufu ya zizi. Bwana wake amemuuzia mzungu mwenzake farasi wawili, na huyo mwenzake anakaa karibu na Manyatta, kule Embu. Mutwiri akaambiwa awapeleke kwa miguu yao, alale kwenye hema karibu na vituo vya askari, na atafute mtu wa pili anayejua kupanda. Akanijia mimi, maana nilishawahi kujigamba pale kwa kinyozi kwamba Lamu nilikulia juu ya farasi. (Siku hizi nasikia kule kuna punda tu. Hakuna aliyenisahihisha. Nyinyi nanyi mnajua nini?)

Nilikubali. Siku kadhaa za kupanda farasi na kulala hemani, kama wazungu wanavyofanya kiangazi kikiingia. Huwa nawacheka wale watu. Mtu ana nyumba ya mawe na vyumba sita, halafu anafunga safari kwenda kulala chini na kupikia moshi, jambo ambalo bibi yangu alilifanya maisha yake yote bila kuliita mapumziko. Lakini nilitaka nipite barabara ya Meru juu ya farasi Zuhura anione. Nilimwambia Mutwiri sharti langu ni moja: tufuate barabara ya chini, tusipite Githongo. Hakuniuliza sababu. Mutwiri haulizi, ndiyo maana nilimdharau.

Jana asubuhi tukaondoka Timau. Wangu aliitwa Sajini. Mwekundu, mrefu, jicho moja la dharau. Mutwiri alinishika mguu akanirusha juu kama gunia, nikakaa, nikasema kwa sauti ya kiungwana, "Twende."

Sajini akala majani.

"Nenda, ewe mnyama."

Akaendelea kula. Mutwiri akatamka neno moja kutoka nyuma, na Sajini akaondoka kabla sijashika hatamu vizuri. Tulipofika kwenye mto nikataka asimame. Nikamwambia simama. Nikamwambia tulia. Nikavuta kamba mpaka mabega yakauma. Akavuka mto, akapanda ng'ambo, akaingia shamba la viazi la watu. Mutwiri akapiga kelele, "Rungama!" Sajini akasimama kama aliyepigwa msumari.

Mutwiri akanifikia akicheka. "Hii farasi haisikii Kiswahili, Salimu. Mimi ndio nililea hii, na mimi niliongea nayo Kimeru. Wewe sema tu rungama. Ni kusimama."

"Sijui lugha hiyo," nikamwambia.

"Ni neno moja."

"Ulimi wangu hauwezi."

Fikirini. Neno ambalo mama yangu alinipigia kelele kila siku ya utoto wangu, nilipokuwa nakimbia kukwepa kuoga. Lakini mtu wa Lamu atalijulia wapi? Na mtu akilitamka vile linavyotamkwa Githongo, hata Mutwiri angejua. Basi kutwa nzima Mutwiri akawa ananisimamishia farasi wangu kwa mdomo kutoka nyuma, na mimi nimekaa juu nimenyoosha shingo kana kwamba amri ni yangu. Tulipita Meru hivyo. Zuhura aliniona. Alipunga mkono. (Kwa nukta ile moja nilistahili kila kitu.)

Tulipiga hema karibu na kituo. Naweza kuwaambia sasa kwamba mapaja ya mtu aliyepanda farasi siku moja hayafai kuonyeshwa kwa mtu yeyote. Mutwiri alinipa mafuta ya farasi nipake. Nilipaka.

Leo asubuhi tukafika njia panda. Homgadi, wale walinzi wa vijiji wa serikali, wamefunga barabara ya chini. Daraja linatengenezwa, wakasema, piteni juu.

"Juu wapi?" nikauliza.

"Githongo."

Nikamwambia Mutwiri turudi. Akanitazama kama mtu mwenye homa. Karatasi yetu imeandikwa siku, akasema, na tukichelewa ni yeye atakayelala ndani. Nikaivuta kofia kubwa ya bwana wake, aliyokuwa ameniazima, mpaka kwenye nyusi, nikajiambia kwetu ni kule nyuma ya mashamba ya kahawa, nani ataniona barabarani.

Wote waliniona. Leo ilikuwa zamu ya kazi ya lazima. Githongo nzima, wanawake zaidi, walikuwa wamepangwa mstari kandokando ya handaki lile linalochimbwa kuzunguka kijiji, lenye miti iliyochongwa ncha chini yake. Penye kizuizi, nani amesimama na gari lake akingoja kufunguliwa? Mzee Rajabu, na mbuzi wanne.

"Salim," akaniita, "hujambo baba? Kweli Lamu mmezoea farasi."

Nikamwamkia nikiwa juu. Mutwiri akashuka kupeleka karatasi kwa mkubwa wa homgadi. Akaniachia Sajini. Dakika mbili tu, akasema.

Mmoja wa wale wanawake alikuwa amekata majani ya viazi vitamu, ameyaweka rundo ukingoni mwa handaki, ya kupelekea mbuzi wake baadaye. Mimi sikuyaona. Sajini aliyaona. Akaanza kutembea, halafu akaanza kukimbia, na mbele yake yale majani, na hatua moja mbele ya majani ile miti iliyochongwa.

"Simama," nikasema.

Nikavuta. Nikasema tafadhali. Nikasema kwa Kiingereza. Niliangalia nyuma, Mutwiri amegeuza mgongo anaandikisha jina. Nikaziona zile ncha, nyeupe, mpya. Hapo Lamu ikaisha.

"RUNGAMA!"

Lilitoka lote, na vokali zake zote za Githongo. Sajini akasimama palepale. Mimi sikusimama. Nilipita juu ya kichwa chake, na nikiwa hewani nikamwita mama yangu, kwa Kimeru. Mtu akianguka humwita mama. Tatizo ni kwamba wangu aliitika.

"Kirimi?"

Nilitua kwenye udongo uliochimbwa karibuni, miguuni pake. Yale majani yalikuwa yake. Amekonda. Ameshika jembe, kitambaa kichwani, ananitazama na kofia ile imenifunika uso mpaka mdomoni. Akaiondoa kwa kidole kimoja, kama mtu anayefunua chungu.

"Ni wewe," akasema. "Mbona umevaa hivi? Umekula?"

Mkubwa wa homgadi akaja na bunduki yake na karatasi yangu. Akaisoma tena, midomo ikitembea.

"Hapa imeandikwa wewe ni Mswahili ya Pwani."

"Ndiyo."

"Na umelia kama mtu ya hapa. Watu ya Lamu wanalia hivyo?"

Nilijua watu waliopelekwa mbali kwa uongo mdogo kuliko ule. Mama akasimama kati yetu. Akamwambia yule mtu kwamba huyu ni wake, amemzaa mwenyewe, si mbaya, ni mpumbavu tu tangu utotoni, na ukoo mzima ni shahidi. Mstari wote ukaitikia. Wanawake thelathini wakithibitisha kwa pamoja kwamba mimi ni mpumbavu. Homgadi akacheka mpaka akaegemea bunduki. Akaichana ile karatasi vipande viwili akaniambia Jumatatu nikaandikishe nyingine ya kweli.

Nilidhani yamekwisha. Mzee Rajabu alikuwa amefika ukingoni, kanzu ameikunja asichafuke. Hakunitazama. Alimwinamia mama kwa heshima.

"Muga," akasema.

"Muga," mama akajibu.

Na wakaongea. Kimeru chenyewe, laini, cha watu wazima, cha kuulizana mvua na mifugo. Mzee Rajabu! Niliyemficha lugha yangu miaka mitatu anaijua kuliko mimi. Kumbe mama yake ni Mmeru wa Igoji, na hajawahi kumficha mtu, ila mimi sikuwahi kumuuliza. Nilikuwa na kazi ya kujieleza.

Kisha akanigeukia, kwa Kiswahili. "Salim. Huyu ndiye mama yako?"

"Ndiye, Mzee."

"Yule tuliyemsomea hitima?"

Mama akamshika Mzee mkono. "Mnasema nini?" Mzee akamweleza, neno kwa neno, hakuacha hata lile la mbuzi. Nilitamani Sajini anikanyage. Mama alikwangua udongo kwenye jembe lake kwa kidole gumba. Sijawahi kuona aibu kama ile, na sina namna ya kuichekesha.

"Nilikufa kwa ugonjwa gani?" akaniuliza.

"Homa."

"Siku ngapi?"

"Tatu."

Akatikisa kichwa kama anayeona si mbaya. "Na mlinilia?"

"Sana," nikasema.

Akanipa jembe. "Basi maiti hachimbi. Shika."

Nikashika. Mutwiri, yule niliyemdharau, alifungua mzigo bila kuambiwa, akatoa kiti cha kukunja cha bwana wake, akakikunjua ukingoni mwa handaki, akamkalisha mama. Akawasha jiko la safari, akachemsha chai ya bwana wake, akatia sukari vijiko vinne. Mama akanywa polepole, miguu ameinyoosha, Sajini anakula majani ya viazi pembeni yake. Alipotaka farasi ajisogeze alimwambia neno moja, akasogea. Mimi nikachimba sehemu ya mama, halafu ya jirani yake mgonjwa, halafu homgadi akakumbuka kwamba miaka mitatu sijafanya zamu hata moja kijijini kwetu.

Mzee Rajabu alisubiri kando ya gari mpaka nikapumzishwa. Nikamuuliza Ijumaa itakuwaje.

"Mmeru ningempa," akasema. "Hata mpumbavu. Aliyemuua mama yake sijui kama ninampa. Nimemwambia mama yako aje mwenyewe akuposee, nimjibu yeye."

Na anakuja, ndugu zangu. Ijumaa, kwa gari hilihili la mbuzi. Homgadi amemwandikia pasi, na mahali pa sababu ya safari mama alimtajia, naye akaandika alivyosikia: kuwatembelea waliomzika. Pasi ninayo mbele yangu, ina muhuri.

Atakaa hapo barazani. Anataka aonyeshwe mmoja mmoja nani alikula na nani alilia. Mimi nilishasema mlilia wote. Kwa hiyo nawaomba, na sijawahi kuwaomba kitu: msicheke. Na yule aliyerudia sahani mara tatu, ajifunze kulia kabla ya Ijumaa.

Kirimi