Malalamiko Rasmi Kuhusu Rangi ya Chai ya Mama Mkwe

Kwako Mama Mkwe Mheshimiwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na wote waliomo nyumbani, hasa yule niliyemwoa. Mimi si mzima sana, ila nimejikaza nikaoga kabla ya kukuandikia, kwa kuwa mtu haandikii wakwe akiwa na rangi masikioni.

Najua mkwe hakosoi anachokaribishwa. Kwa miaka sita nimekunywa kila nilichopewa kwako na nikashukuru. Lakini sasa maji yamenifika shingoni. Chai yako inanivunjia nyumba, na naomba nieleze kwa mpangilio.

1. Utakumbuka ile Jumapili tulipokuja kukusalimu, binti yako akainua kikombe cheupe, akakitazama, akasema kabati letu la vyombo analitaka liwe na rangi ile ile ya chai ya mama yake. Wewe ulicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu mwenye brashi ni mimi. Kikombe nilikibeba mapajani njia nzima kama mtoto mgonjwa. Dukani hakuna rangi ya jina hilo, kwa hiyo nikachanganya mwenyewe jikoni: nyeupe, kahawia, njano kidogo, na nyekundu kwa ncha ya kijiti. Mlango wa kushoto wa kabati ulitoka vizuri hadi binti yako akamwita jirani aje kuona. Kisha kopo likaisha. Vipimo sikuwa nimeandika, maana fundi wa kweli hupima kwa jicho.

2. Nilirudi kwako Jumatano kuchukua kikombe cha pili. Chai ilikuwa imekolea. Ijumaa ilikuwa imepauka. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sitaki kumlinganisha mzazi wangu na mgema. Nasema tu kwamba ulisifiwa Jumapili, na Ijumaa maji yalikuwemo. Mlango wa kulia umeshapakwa mara saba, mikono saba ya rangi, kila mkono na kikombe chake, na bado umenuna pembeni ya mwenzake. Mimi kwa upande wangu sikufanya uzembe. Hata lile pazia zito ulilotuzawadia siku ya harusi nililivuta likafunika upande wa kulia wa dirisha, ili vumbi la barabarani lisinate kwenye rangi mbichi.

3. Shemeji yangu, mwanao wa mwisho, alikunywa sampuli. Nilikiacha kikombe mezani kwako dakika moja tu, nikaenda kuchukua kijiti changu chenye rangi ili nilinganishe. Niliporudi kilikuwa kitupu, naye anajifuta midomo. Nilipomuuliza ilikuwaje, alijibu kwamba ilikuwa tamu. Nilimuuliza rangi, Mama.

4. Hili ndilo linaloniuma. Binti yako alivumilia makopo jikoni na harufu ya mafuta ya taa sebuleni. Alipokuta mwiko wake wa kupikia umesimama ndani ya kopo la rangi, hakupiga hata kelele. Alisema tu kwamba ninavyokikazia macho kikombe cha chai, yeye sijamtazama hivyo tangu tuoane, na kwamba atarudi milango ikifanana. Akachukua mkoba akaja kwako. Leo ni siku ya kumi na tisa. Nyumba yetu ya vyumba viwili imekuwa kubwa mno. Nasikia hadi brashi zikikauka. Na sasa nimeambiwa kuwa tangu afike hapo, chai anapika yeye! Maana yake chai yako haipo tena duniani. Bila chai siwezi kupata rangi, bila rangi yeye harudi, na asiporudi wewe huingii jikoni. Huo mtego, Mama, hata wakili hawezi kuutegua.

Kwa hiyo, kwa heshima zote, naomba yafuatayo. Urudi jikoni mara moja. Majani ya chai yapimwe kwa kijiko, si kwa kiganja. Muuza maziwa asibadilishwe, wala ng'ombe wake asibadilishiwe malisho. Kikombe kimoja kiletwe kwangu kila asubuhi kabla hakijaweka utando, na kiletwe na binti yako mwenyewe, kwa sababu hakuna mwingine katika ukoo wenu anayeweza kubeba chai bila kuimwaga au kuinywa.

Msalimie baba mkwe, mwambie stuli yake aliyonipa niipake rangi nitaimaliza. Wasalimie mashemeji wote, hata yule mwenye kiu. Jirani naye anakusalimu. Anauliza kabati limefikia wapi, nami nimeacha kumfungulia mlango.

Wako mtiifu, mwenye uchungu na brashi,

Mkweo

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha nilishusha lile pazia nilifue, maana lilikuwa na matone ya rangi. Jua likaingia lote. Mama, milango yote miwili ni rangi moja. Sijui tangu mkono wa ngapi. Huenda tangu ule wa kwanza. Watu husema macho hayana pazia. Yangu yalikuwa nalo, tena la kwako. Chai yako haina kosa na haijawahi kuwa nalo, na nafuta kila nilichoandika kuanzia namba moja hadi namba nne, isipokuwa pale niliposema nyumba imekuwa kubwa. Kikombe naomba kije vilevile, na atakayekibeba asiulizwe atarudi kwako lini.