Wiki ya Kulichukia Jangwa

Jumatatu, 10 Machi

Tumefika Phoenix, huku jangwani, saa tano asubuhi. Tulitoka kwetu Eagan, Minnesota, tumevaa makoti, tukashuka tumeyabeba mikononi kama wauza mitumba. Wifi yangu Wairimu ametupokea kwa vigelegele. Amemnyakua Keziah wangu na kumwita "mama yangu". Ni haki yake. Mtoto ana miaka minne lakini amebeba jina la mama mkwe, kwa hiyo kwa Wairimu huyu ndiye mama mzazi. Akauliza kama mama amekula. Mama akajibu kwa Kiingereza kwamba anataka juisi.

Kisha akaniuliza kama Minnesota bado tunaishi ndani ya friji. Nikamwambia friji huhifadhi, jiko ndilo huunguza. Alicheka. Mimi sikuwa natania.

Sasa ukweli. Solomon, mume wa Wairimu, ana nyumba mbili za kutunza wazee. Anataka mume wangu Muriuki awe meneja. Jibu ni Jumapili baada ya ibada, maana kuna jamaa mwingine anaingojea hiyo kazi. Muriuki amesema kwanza tutembee tuione nchi, asubuhi kwenda, jioni kurudi.

Mimi kuhama? Hapana! Eagan ndiko nilikojifungua, theluji ikiwa magotini, na akina mama wa kanisa wakapanga foleni mlangoni na njahi, yale maharagwe meusi ya mzazi, na uji. Huku nani ataniletea njahi?

Nimeomba nichague mimi pa kwenda. Wamekubali, wasijue! Muriuki hapendi vitu vitatu: jua, milima na kuendesha gari mwendo mrefu. Jangwa lina vyote. Jumapili atakuwa anatafuta tiketi ya kurudi kwa mikono miwili.

Jumanne, 11 Machi

Safari ya kwanza: msitu wa miiba. Karibu masaa mawili kusini, kivuli hakuna. Nilijipongeza njia nzima.

Tumefika. Dungusi! Si zile za uani kwa watu. Hizi ni ndefu kuliko nyumba, maelfu, zimesimama na mikono juu kama kanisa letu wakati wa sifa. Solomon anasema huo mkono wa kwanza unaota mmea ukiwa na miaka kama sabini. Miaka sabini kungojea mkono! Ndege wametoboa shina na kujenga humo, wamekaa madirishani kama wapangaji.

Muriuki alivua kofia. Juani! Akasema Mungu hakuwa na haraka siku alipoziumba.

Mimi nilitokwa na machozi. Vumbi tu.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeamua kutumia mlima. Sedona, kwenye miamba mikubwa myekundu. Muriuki akipanda ngazi ya kubadilisha balbu hushika ukuta.

Nilipika tangu alfajiri: pilau, kuku, kachumbari, keki ya krimu. Nikapakia kwenye buti la gari mapema, kama kawaida. Kwetu kuanzia Novemba buti ndilo friji. Nyama ya Krismasi hukaa humo, soda za ubatizo hukaa humo, hata mchungaji anajua. Mkono ulifanya wenyewe, kichwa kikiwa Eagan.

Saa saba mchana tukafungua. Keki imekuwa mchuzi. Maziwa ya Keziah yamechacha. Kachumbari inatoa moshi, naapa. Wairimu aliangalia ndani, akaniangalia mimi, akasema kwa upole kabisa kwamba yale mambo yangu ya friji na jiko, sasa ameyaelewa. Solomon alicheka mpaka akakaa chini kwenye changarawe. Tukala mkate mkavu.

Na mwamba? Muriuki aliupanda na Keziah mabegani, anaimba! Mimi nilibaki chini na sufuria. Lakini ile rangi! Saa kumi jua lilipoinama, mwamba ulikuwa kama makaa yanayopulizwa. Nilisahau nimekuja kuuchukia. Nilipiga picha themanini.

Ijumaa, 14 Machi

Hila ya mwisho, na ndiyo bora. Nimegundua kuna theluji juu Flagstaff, masaa mawili na nusu. Akiiona, moyo utarudi nyumbani wenyewe. Nilijiona mwerevu sana.

Aliiona. Aliteleza na Keziah mara kumi, akarusha mabonge, akamlenga dada yake begani. Halafu akapangusa mikono, akaingia garini na kutangaza kwamba hii ndiyo theluji ya watu wenye akili: unaitembelea, halafu unaiacha hukohuko. Hakuna koleo la kuzoa theluji saa kumi na moja alfajiri. Kufika jioni tumevaa fulana tunakunywa maji ya barafu uani.

Nimeshindwa. Na misonobari ile ilivyonukia baada ya theluji! Lakini sitaki kuizungumzia.

Jumamosi, 15 Machi

Leo hatukwenda popote. Mchana nilimkuta Wairimu amelala sakafuni karibu na Keziah, amemshika kidole. Akaniambia polepole kwamba mama yao alipofariki, yeye alikuwa hana karatasi za kusafiri. Alitazama mazishi kwenye simu, na simu ikaisha chaji kabla ya udongo. Wiki hii, akasema, amemlisha mama, amemwogesha mama, amemsuka mama nywele.

Mimi nani nimnyime?

Halafu, niandike tu ukweli, hapa ni pazuri. Njahi nitajipikia. Tuhame! Nimefurahi mno. Sitamwambia Muriuki. Mwanamume atangaze mwenyewe, aone ni wazo lake.

Jumapili, 16 Machi

Baada ya ibada, nyama ikiwa motoni uani, Muriuki alisimama. Nilikaa vizuri, tayari kushangaa.

Alishukuru sana. Kisha akasema hapana.

Akasema wiki nzima amenitazama mimi. Nimelia kwenye dungusi. Nimebaki peke yangu chini ya mwamba. Nimewasafirisha watu mwendo wote ule kwenda kugusa theluji. Mwanamke anayekumbuka kwao namna hiyo hang'olewi, akasema, hata kwa kazi nzuri vipi.

Wote wakanitazama kwa huruma. Ningesema nini? Kwamba nilichagua safari ili azichukie? Mbele ya mashemeji? Solomon alimpigia yule jamaa mwingine kabla nyama haijageuzwa. Wairimu alisema anaelewa, akaingia jikoni, akakawia sana humo.

Jumanne, 18 Machi

Eagan. Theluji imeanguka tena, inchi sita. Muriuki anapiga koleo na mluzi, anafurahi kwamba amenifurahisha. Nimempelekea chai. Sikuwa na moyo wa kumwambia.

Lakini Wairimu amepiga simu: Solomon anafungua nyumba ya tatu Septemba! Tuna miezi sita. Ni lazima Muriuki aichoke Minnesota yeye mwenyewe, na hilo niachieni mimi. Kila Jumamosi tutatembea, asubuhi kwenda, jioni kurudi, na pa kwenda nachagua mimi. Pabaya peke yake!

Nimeanza na Ziwa Superior, kaskazini, karibu masaa matatu, upepo wa kung'oa masikio. Atalia huyu. Nimefungua picha kwenye simu nihakikishe ubaya wake.

Barafu ya bluu! Imevunjikavunjika na kupandana ufukweni kama vioo, jua linapita ndani yake, na ng'ambo haionekani. Mungu wangu. Nimemwita Muriuki aache koleo aje aone.