Daktari Aliyeanza na Goti Zima

Ndugu Mganga Mkuu wa Zahanati,

Pokea heshima zangu, pamoja na ombi moja dogo: mhamishe daktari wenu mpya kabla hajavunja nyumba nyingine. Mimi ni fundi wa kuweka vigae, na goti langu la kulia linauma mwezi wa nane sasa.

1. Daktari aliyemtangulia alikuwa muungwana. Miezi yote hiyo hakuligusa hata kwa kidole. Kabla sijakaa vizuri, ameshaandika vidonge. Tuliheshimiana. Huyu mpya alinitaka nivue suruali, siku ambayo nguo yangu ya ndani haikujiandaa kwa ugeni.

2. Alianza na goti la kushoto, ambalo ni zima! Nilimweleza kwa adabu kwamba amekosea mguu. Akasema lazima alijue zima ndipo alielewe bovu. Mimi nikiitwa kutengeneza bafu, sianzi kugongagonga sebuleni.

3. Alinitembeza, akanichuchumaza, akabonyeza upande wa ndani wa goti, pale penyewe. Yowe langu lilisikika hadi kwenye foleni.

4. Hapa ndipo aliponimaliza. Nyumbani nilisema niliteleza nikiwa nimebeba boksi la vigae. Daktari, bila kuulizwa, akasema goti la namna hii huumia mguu ukiwa umekita chini na mwili ukageuka ghafla, na kwamba wanaomjia nalo ni wacheza mpira. Mpira nilimwapia mke wangu kuwa nimeuacha. Naye alikuwa amekaa palepale. Miezi minane amenivua viatu na kunibebea maji ya kuoga kwa huruma. Alinitazama mara moja, akachukua mkoba wake, akaondoka. Sasa viatu navua mwenyewe.

5. Kwa hiyo iwekwe sheria: daktari asiguse kinachouma. Mgonjwa aaminiwe anavyosema, hasa akiwa na mkewe. Vidonge vipo, mikono ya nini?

Nisalimie wauguzi, mtunza mafaili, na mlinzi wa geti aliyenipa bega lake nikitoka peke yangu.

Wako katika maumivu,
Fundi Vigae

N.B. Barua hii imekaa kwenye droo wiki sita, maana sikuwa na wa kuileta. Katika wiki hizo nimefanya mazoezi aliyoniandikia daktari, kwa hasira tu, nimkomoe. Jana nilipiga magoti yote mawili sakafuni mbele ya mke wangu, nikamwambia ukweli. Nilikaa hapo muda mrefu, kwa kuwa hakuwa na haraka ya kunijibu. Goti halikuuma. Tafadhali msimhamishe.