Jinsi Servais Alivyoilaza Bastola Yake

Nyamazeni, enyi watu wa kingo za mto Meuse, na mlio mbali msogee! Kahawa na ipoe, mbwa na wabweke watakavyo, kwani nanena habari za Servais Delvenne, simba wa soko la Jumapili la Liège, mpekuzi wa masanduku ya watu, mume wa mke mvumilivu kupita kiasi.

Servais alikuwa na bastola ya mfukoni ya enzi za mababu, ndogo ya kujaa kiganjani, isiyoweza tena kumtisha hata nzi. Lakini ubavu wake mmoja, jamani! Umechorwa maua kwa nakshi laini hata mtazamaji anasahau kupumua. Ila kasha lake la asili lilipotea, na malkia huyo akawa analala katika kopo la biskuti. Katika mji ule wa wahunzi wa bunduki, bastola isiyo na kasha ni yatima, na Servais aliumia kama baba. Kila Jumapili aliibeba ndani ya koti, kama wafanyavyo wakusanyaji wenzake wote, kasha lisije likatokea na bastola haipo.

Basi siku hiyo, kwenye meza ya Madam Léonide muuza vifungo, akaliona: kasha la mti wa jozi, chapa ya mhunzi yule yule aliyeiunda bastola yake, limejaa vifungo! Akalidaka. Mkono mwingine nao ukalidaka. Ulikuwa wa Ghislain Pirotte, hasimu wake wa siku zote, naye pia alikuwa na bastola yatima ya mhunzi huyo huyo.

"Toa mkono, Ghislain!"

"Toa wewe, mzee! Tumbo hilo limekuziba macho, huoni hata unachokishika."

"Nyie wazee, hamna haya?" akafoka Madam Léonide. "Mnanimwagia vifungo! Haya, zilazeni bastola zenu humo. Itakayolala bila kusukumwa iondoke nalo. Mengine sitaki kusikia."

Akaviondoa vifungo konzi kwa konzi, mahameli ikaonekana, na ndani yake shimo lenye umbo la bastola. Ghislain akashambulia kwanza. Mtutu ukabaki nje. Akabonyeza kwa dole gumba.

"Wee! Unakanda mkate hapo?" akamkemea Madam Léonide.

Akarudi nyuma, amenyong'onyea. Ndipo Servais akailaza yake, maua juu, kama wakusanyaji wote walazavyo. Mpini ukaelekea juu, huku shimo la mpini limepindia chini.

"Rudi kwenye biskuti zako, shujaa!" Ghislain akacheka.

Macho ya Servais yalikwisha kuona, moyo ndio uliokataa: mhunzi alitaka maua yalale chini, shavu kwenye mahameli, yasikwaruzwe. Atakayefungua kasha ataona ubavu mtupu! Lo, vita gani vilivyopiganwa kifuani mwa mtu yule, huku nyuma wateja wakisukumana wanataka kupita! Hatimaye akaigeuza. Ikazama yenyewe, taratibu. Kifuniko kikafungika.

"Sasa nani atayaona maua yako?" Ghislain akauliza, na safari hii hakuwa anacheka.

"Hakuna," akanena Servais. "Yameangaliwa mno. Yaache yapumzike."

Ghislain akavua kofia kwa heshima, kama jemadari aliyeshindwa. Madam Léonide akaichukua kofia ile, akamimina vifungo ndani, na hivyo ndivyo vita vya Liège vilivyokwisha.