Valvu ya Baba na Posa ya Athumani

Jamani, leo nimeaibika. Si aibu ndogo ya kujikwaa mbele za watu, ukainuka ukajipangusa. Ni aibu ya kuhama mtaa! Nawaeleza mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana Changamwe hii habari haina breki.

Mnaijua pikipiki ya marehemu baba. Ile ya Kiingereza, iliyoingia nchini kabla ya uhuru. Wenzangu pale bandarini wanaiita maiti. (Wacha waseme. Wao na hizo za Kijapani zao.) Mimi naipenda. Baba alimpakia mama kwenye pikipiki hiyo akamkimbiza hospitali siku niliyozaliwa mimi, na tena siku aliyozaliwa mdogo wangu Athumani. Siiuzi, hata nikilala njaa.

Ugonjwa wake ulikuwa valvu. Ndani ya silinda hedi, yaani kichwa cha injini, kuna matundu, na kila tundu lina ukingo ambao valvu huukalia kama kizibo. Mafundi twauita siti. Siti ikilika, valvu haikai sawasawa, pumzi ya injini inavuja, na wewe utapiga kiki mpaka mguu uote sugu. Dawa yake ni kuikata siti upya. Kuna chombo chake chenye meno, mithili ya mbuzi ya kukunia nazi, ila hiki hukuna chuma. Unakizungusha kwa mkono, polepole, unakuna kidogo unatazama. Ukizidisha umeua, kwa sababu silinda hedi nyingine ya pikipiki ile hata uitafute kwa tochi huipati.

Nimeanza asubuhi, baada ya chai. Zubeda, mke wangu, alikuwa Kisauni kwa mamake tangu juzi, kwa hiyo meza ya chakula ilikuwa yangu. (Nilidhani hatajua.) Nikakuna, nikatazama, nikakuna. Sasa, ili ujue kama valvu imekaa vizuri, unaipaka rangi, unaigusisha kwenye siti, unaitoa. Rangi ikiacha duara kamili, umefaulu. Duara likikatika, rudi kazini. Mafundi wana rangi yao ya bluu kwa kazi hiyo. Yangu nikaikuta imekauka kwenye kopo.

Akili nyingi huondoa maarifa. Nikaikumbuka lipstiki ya Zubeda. Nyekundu, laini, ina mafuta, inanata. Kazi ile ile! Nikaifungua bila hata kusema bismillahi.

Hapo ndipo ningesimama, kwa kuwa leo alasiri nilikuwa na shughuli nyingine. Athumani anataka kumuoa Mwanajuma, binti wa Mzee Famau, na mnajua kwa desturi kijana haendi kujiposea. Huwatuma wakubwa wake. Baba hayupo, basi mkubwa ni mimi, pamoja na Ami Shee, ndugu yake baba. Na Mzee Famau si mtu wa mchezo! Mwaka jana alimkataa mposaji kwa sababu mshenga wake alinuka sigara. Athumani juma zima hajapata usingizi. Asubuhi alinijia na macho mekundu.

"Kaka, nakuomba. Leo usinitie aibu."

"Mimi?" nikamwambia. "Mimi nikutie aibu?"

(Ndiyo. Mimi.)

Adhuhuri nikaacha kazi, nikaoga, nikavaa kanzu na kofia, nikajitia uturi. Nikiwa natoka, nikapita mezani. Nikasema mara moja tu, ya mwisho. Nikajifunga leso ya Zubeda juu ya kanzu isije ikachafuka, nikapaka valvu, nikagusisha, nikatoa. Duara! Kamili, halikukatika popote! Lakini fundi haridhiki na macho peke yake. Nikaibana valvu kwa kidole, nikaibeba silinda hedi, nikabandika mdomo kwenye tundu lake na kupuliza mpaka mishipa ikanisimama. Haikupita pumzi hata chembe. Nilifurahi, jamani, karibu nilie. Nilitamani baba angekuwepo aone.

"Hodi!" Ami Shee huyo mlangoni.

Nikavua leso haraka, nikafuta vidole kwa petroli mpaka kucha zikang'aa. Nikaikagua kanzu mbele na nyuma. Doa hakuna. Nikatoka. Ami Shee macho yake yana mtoto wa jicho, siku hizi humjua mtu kwa sauti. Akanishika mkono.

"Umependeza, mwanangu?"

"Nimependeza, ami."

Tukashika njia. Watu walinitazama! Wanawake wawili walisimama kabisa, wakajiziba vinywa kwa buibui. Muuza duka, ambaye siku zote hata salamu hunitupia kwa kunihurumia, leo akatoka mpaka nje.

"Bwana Salimu! Waenda wapi hivyo?"

"Naenda kuposa," nikamjibu, shingo juu.

Akarudi ndani mbio na nikamsikia anacheka. Nikasema moyoni, watu wa mtaa wetu wanampenda sana Athumani.

Kwa Mzee Famau tukapokewa vizuri. Akanipa mkono, akanitazama, kisha akautazama mkeka. Shemeji zake wawili wakaitazama dari. Ndiyo adabu yetu: mgeni hata akiingia na kuku kichwani, utamuuliza kwanza habari za nyumbani.

"Nyumbani hawajambo?" akauliza Mzee Famau.

"Hawajambo, alhamdulillahi."

"Na bibi yako?"

"Mzima. Yuko Kisauni kwa mamake tangu juzi."

"Aa," akasema. "Tangu juzi." Wale shemeji wakakohoa kwa pamoja.

Nikaanza maneno yangu. Nilikuwa nimeyapanga vizuri. Nikasema sisi ni watu wa staha, kijana wetu ametulia, hajui vichochoro wala mambo ya mashaka. "Ukitaka kumjua Athumani," nikasema, "nitazame mimi kaka yake."

"Nimekutazama," akajibu Mzee Famau.

Nyuma ya pazia, walikokaa wanawake, kitu kikaanguka. Halafu nikasikia mtu anakohoa kikohozi kisicho cha ugonjwa.

Chai ikaletwa, vikombe vyeupe. Nikanywa, nikakiweka chini, nikaona wekundu ukingoni. Loo! Nyumba ya heshima hivi, vikombe hawaoshi? Kwa adabu zangu nikakigeuza, nikanywea upande wa pili. Na huko wekundu. Nikabadilishana kimyakimya na Ami Shee (haoni, maskini). Nikanywa. Wekundu! Nikaanza kumhurumia mdogo wangu: binti ni mzuri, lakini vyombo je? Nikatoa kitambaa changu cheupe, nikakigusisha mdomoni.

Kitambaa kikawa chekundu.

Papo hapo nikaelewa. Vidole vyangu ndivyo vilivyolipaka lipstiki lile tundu mzunguko mzima, kisha mimi nikaja nikabandika mdomo.

"Mzee, wallahi si hivyo!"

"Sijasema kitu, bwana."

"Hii ni lipstiki ya mke wangu!"

"Aliyeko Kisauni."

"Ndiyo."

"Tangu juzi."

"Ndiyo, lakini niliipaka mimi! Kwenye pikipiki!"

Ami Shee akageuka huku na huku. "Nani kapaka nini?"

Nikaeleza. Siti, valvu, duara, kupuliza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozama. Shemeji mmoja akaniuliza taratibu, "Kwa hiyo wewe waibusu pikipiki?" Nikamwambia siibusu, naipuliza! Akatikisa kichwa kama anayemsikiliza mgonjwa.

Hapo nikamkumbuka Athumani, na yale macho yake ya asubuhi. Nikaacha kujitetea. "Mzee Famau," nikasema, "nicheke mimi, nifukuze mimi. Athumani hana kosa. Tangu baba alipofariki nimemlea mwenyewe, na sijaona kwake ila wema. Ni mtu bora kuliko mimi. Nakuomba usimhukumu kwa mdomo wangu." Na machozi yalinilengalenga, sifichi.

Pazia likafunguka. Akatoka Nyanya Mishi, mamake Mzee Famau, mkongwe ambaye mtaa mzima humwamkia. Akaja moja kwa moja, akanishika kidevu, akanigeuzia kwenye mwanga wa dirisha.

"Famau," akamwambia mwanawe, "hebu njoo utazame vyema. Mwanamke gani hubusu akaacha duara? Hili latoka puani lenda kidevuni larudi, halikukatika mahali. Ikiwa ni mwanamke, basi huyo ana mdomo wa chupa."

(Halikukatika mahali. Fundi ndani yangu alifarijika kidogo.)

Nyuma ya pazia kukapasuka kicheko. Mzee Famau alijikaza, akajikaza, mabega yakaanza kutikisika, akaishia kulia kwa kucheka huku ameshika goti la Ami Shee, ambaye naye alikuwa anacheka bila kujua kwa nini. Nyanya Mishi akaingia ndani, akanong'ona huko, akarudi.

"Nimemuuliza Mwanajuma mwenyewe. Asema nyumba yenye shemeji kama huyu haina kununa. Amekubali." Akaninyooshea kidole. "Lakini siku ya harusi wewe utakaguliwa mlangoni!"

Athumani nilipompa habari alinikumbatia, kisha akanitazama usoni, akakaa chini barazani kwa kicheko, akashindwa kuinuka. Magharibi Zubeda akarudi kutoka Kisauni. Habari zilishamfikia kwa simu ya duka la jirani na mamake. Posa hakuiuliza. Alikwenda moja kwa moja kwenye lipstiki, akaifungua, akakuta kipande kimebaki, kimejaa vumbi la chuma. Akatazama meza yake. Akanitazama mimi. Nikangoja radhi au matusi. Akacheka mpaka leso ikamvuka kichwani, kisha akaniletea sabuni na maji ya moto, akaniosha mdomo mwenyewe, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Basi ndiyo hayo. Posa imejibiwa, valvu imekaa, mke amenisamehe. Nawaomba kitu kimoja tu: kesho mkinikuta njiani, nisalimieni mkinitazama machoni. Atakayecheka, harusini hapati biriani.