Asianike Mtu Kabla ya Redio

Mheshimiwa mwakilishi wa mkubwa ambaye hakuweza kufika. Na wewe pia, ndugu, unayemwakilisha mwakilishi huyo baada ya yeye kutoka kidogo. Wakuu wa mitaa, mapadri, wachungaji na masheikh. Wenye hoteli za kando ya ziwa mliotukopesha viti, pamoja na kapeti hii nyekundu ninayowaomba wananchi wasiikanyage. Bamama wa hapa sokoni Kituku mliokuja na mabeseni ya samaki ijapokuwa mwaliko ulisema mje na nguo za heshima (vicheko). Na bila kujisahau mimi mwenyewe, Modeste Murhula, Coordinateur wa Huduma ya Mji ya Utabiri wa Hewa: namsalimu kila mtu kwa kadiri ya cheo chake, na asiye na cheo nitamsalimia tukitoka.

Ndugu zangu, Goma ni mji wa mapumziko. Mgeni aliyelipia chumba kinachotazama ziwa hataki kuamka akute majivu ya volkano juu ya omeleti yake, wala kuvuta moshi wa makala ya jikoni, wala kula vumbi la pikipiki za motari, mambo ambayo sisi wenyeji tumeyazoea na tungeyakosa yakiondoka. Ndiyo maana mimi, kwa maono yangu na chini ya uongozi wangu mwenyewe, nilianzisha ule projet mnaousikia redioni kila siku saa moja na nusu asubuhi: hewa nzuri, au hewa mbaya. Nchi nyingine zinatumia rangi sita kuonyesha ubora wa hewa. Sisi tuliona rangi sita zitawachosha wananchi. (Makofi kutoka viti vya mbele.)

Zamani hapa Kituku mama alikuwa anapokea sambaza wake, hawa dagaa wa ziwa letu, alfajiri, anatazama moshi wa mlima unalalia upande gani, halafu anaanika. Kwa macho tu, jamani! Bila séminaire, bila rapport! Basi Jumapili iliyopita nilitoa agizo, ambalo ninyi wenyewe mlilipigia makofi, kwamba kuanzia Jumatatu mutu yeyote asianike hata sambaza mmoja kabla redio haijasema. Na kama redio imesema hewa mbaya, samaki abaki ndani ya beseni, kwa usalama wake na wa mlaji.

(Mama Alima, muuza sambaza, anasimama mbele na beseni kichwani: "Papa Coordinateur, samahani. Tangu Jumatatu redio inasema hewa iko mubaya, kila siku. Sambaza ya kwanza nimekwisha kuitupa. Hii ndiyo ya mwisho, na imeanza kunuka. Nianike ao nisianike?")

Swali zuri sana, mama, na ninalipokea kwa mikono miwili. Litapata nafasi yake ndani ya mpangilio.

Nikiendelea, niwape takwimu. Tangu Jumatatu utabiri wetu umethibitishwa kwa asilimia mia moja. Mia moja, wananchi! Sisi tunafanya suivi na évaluation. Redio ikisema hewa mbaya, timu yetu inashuka uwanjani kuhakikisha, na kweli, kila mara imekuta hakuna aliyeanika. Sasa niambieni, kama hewa ingekuwa nzuri, bamama hawa wenye njaa ya kazi wangeacha kuanika? (Mzee mmoja anatikisa kichwa kwa kukubali, kisha anaacha.)

Najua kuna wanaonong'ona kwamba jua linawaka na mlima unaonekana mpaka kileleni. (Watu wote wanatazama juu.) Msitazame juu! Hiyo kazi tunaifanya kwa niaba yenu. Ubaya wa hewa ya wiki hii ni wa kiwango cha juu, hauonekani kwa macho ya mtu ambaye hakufanya formation, yaani mafunzo.

("Papa, nikitupa na hii sina tena ya kuanzia," anasema Mama Alima. Sasa amelishusha beseni, na viti vya mbele vinajivuta nyuma kidogo. "Sisemi kwa ubaya. Niambie tu: nianike?")

Mama, uchungu wako naubeba moyoni, ijapokuwa harufu yake nitaomba ibaki hapo hapo. Nikimaliza tu, tutafunua ile nguzo mnayoiona imefunikwa kitambaa, fahari ya mji wetu. Hewa safi! (Oyé!) Utabiri! (Oyé!) Coordinateur! (Oyé moja, ya shemeji yake.)

Sasa shukrani. Nawashukuru partenaires wetu wa kutufadhili, ambao tutawapata. Namshukuru fundi aliyejenga nguzo ya kuwekea mashine ya kupima hewa. Na zaidi ya wote namshukuru chauffeur wangu, Viateur, simama wakuone, ambaye kila siku saa moja asubuhi, kabla ya redio, anapita hapa Kituku na gari la Huduma, anatazama. Akikuta bamama wameanika, ananipigia simu: hewa nzuri. Akikuta hawakuanika: hewa mbaya. Bila yeye, na bila ninyi bamama, tusingetabiri hata siku moja, maana mashine yenyewe bado hatujaiomba.

(Viateur anatazama viatu vyake.)

("Papa," anasema Mama Alima polepole, "sisi tunangojea redio. Na redio iko inatungojea sisi?")

Hiyo, mama, kwa lugha ya kitaalamu, inaitwa synergie.

(Mama Alima anainua beseni, anasogea mpaka katikati, analimimina lote juu ya kapeti nyekundu, anapiga magoti na kuanza kutandaza sambaza kwa viganja. Mwenzake aliye nyuma anakuja na beseni lake. Halafu wengine wote.)

Mama! Hiyo ni kapeti ya wageni! Bamama, tafadhali, protokoli! Viateur, waambie... Viateur, unampigia nani simu saa hii?

(Simu inalia mfukoni mwa Coordinateur.)

Allo? Ndiyo, ni mimi. Unasema? Wote? Mpaka kwenye ngazi za jukwaa? Sawa, nimepokea. (Anarudisha simu mfukoni, anakaza tai.) Wananchi wapendwa, nimepata sasa hivi habari kutoka uwanjani, na nina furaha kuwa wa kwanza kuwatangazia: hewa ya Goma leo ni nzuri!

(Viti vya mbele vinapiga makofi. Bamama hawapigi, mikono yao ina kazi.)