Watoto Tisa wa Mkurugenzi

Mkurugenzi hakuwahi kuongoza kitu chochote, hata baiskeli. Jina hilo alipewa na mtaa kwa sababu ya tai yake ya bluu na faili lililoshinda kwapani mwake kutwa nzima, faili ambalo ndani lilikuwa na gazeti la zamani na kitana. Kitu pekee alichokosa duniani, kwa maelezo yake mwenyewe, ni ofisi. Wala si kubwa. Chumba kimoja chenye mlango, na mlangoni pameandikwa cheo.

Siku moja alikuwa amemsindikiza mdogo wake kliniki. Dada huyo alikuwa fundi cherehani, mja mzito wa miezi minane, na ndiye aliyekuwa akimlisha kaka mtu. Walikaa kwenye benchi, nesi akasimama mbele ya kina mama na kueleza huduma mpya.

"Unaandikisha namba yako ya simu," nesi alisema. "Ukishajifungua, unatuma neno KAZALIWA. Kila asubuhi tutakutumia ujumbe wa kukuelekeza namna ya kumtunza mtoto, na swali moja la kujibu. Ukijibu yote mpaka chanjo ya wiki ya sita, unapewa kifurushi. Beseni, blanketi, kofia na sabuni. Bure."

Wenzake wote kwenye benchi walisikia habari za watoto. Mkurugenzi alisikia neno la mwisho tu, na masikio yakamsimama.

"Dada nesi," aliuliza kwa adabu zote, "na mwenye laini mbili je?"

"Anapewa mwenye watoto wawili," nesi alijibu bila kuinua macho.

Jioni ile ile alikuwa ameegemea kaunta ya Mama Duka, mwanamke ambaye angeuza hata kivuli kama kingefungika kwenye mfuko. Nyuma ya duka lake kulikuwa na stoo tupu. Ilikuwa na mlango.

"Vifurushi tisa vya watoto," Mkurugenzi alinong'ona. "Mabeseni mapya, mablanketi, kila kitu. Wewe uuze, mimi unipe stoo."

"Vinatoka wapi?"

"Kwenye shirika."

"Shirika gani?"

"Mama, ukiuliza sana shirika linaondoka."

Mama Duka alimeza mate. Hakupenda mambo ya kona kona, lakini mabeseni aliyapenda zaidi. "Vifurushi tisa mkononi, ndipo utapata ufunguo," alisema. "Na rangi ya kuandikia mlango nitakuazima."

Basi Mkurugenzi akakusanya simu tisa kuukuu na laini tisa, akawa kina mama tisa. Mdogo wake alipojifungua mtoto wa kike siku ya Jumanne, yeye naye, ili asichanganye tarehe, alijifungua siku hiyo hiyo. Mara tisa, kwa dakika nne, kisha akanywa chai.

Asubuhi iliyofuata simu zililia zote pamoja, na ya mdogo wake ya kumi. Mkurugenzi akasoma kwa sauti, maana hakuwahi kusoma kitu kimya kimya maishani mwake. Aliamini hiyo ni kazi ya watu wasio na wasikilizaji. "Mpe maziwa ya mama tu, hata maji usimpe. Kitovu kisipakwe kitu chochote. Mlaze kifuani, ngozi kwa ngozi." Akasoma tena kwenye simu ya pili, na ya tatu, mpaka ya kumi, kila mara kwa madaha zaidi. Mlangoni akatokea jirani mwenye kichanga mgongoni. Kesho yake wakawa wanne. Wiki haijaisha, kina mama wa uani wasio na simu walikuwa wamejaa kizingitini, na mmoja alimletea kigoda ili asisome amesimama.

Majibu ndiyo yaliyomtoa jasho. Watoto tisa hawawezi kunyonya sawasawa, na Mkurugenzi alikuwa na heshima zake kama mwongo. Uongo uliopooza ulimuumiza roho. Kwa hiyo wa tatu akampa kwikwi. Wa saba akampa chafya. Wa tano akamfanya mlizi, tena wa saa maalumu: akiripoti, aliandika "analia kuanzia saa kumi kamili, haelewi lugha yoyote". Wa tisa alikuwa mpole, kafuata upande wa baba.

Siku ya kumi na mbili yule mtoto wa kweli alichemka mwili na kukataa ziwa.

"Labda ni hali ya hewa," mdogo wake alisema. "Tusubiri jioni."

"Mtoto mwenye joto asiyenyonya hasubiriwi," Mkurugenzi alisema, neno kwa neno kama lilivyoandikwa, na alikuwa ameshambeba. Walifika kliniki yeye ana kiatu kimoja na tai imegeukia mgongoni. Mtoto akalazwa, akachomwa dawa. Mjomba mtu akabaki anazunguka kitanda.

"Mmefanya vizuri kuwahi," nesi alimwambia huku akiandika. "Ulijuaje?"

"Ni ujumbe wenu, dada. Nimeusoma."

"Wengine wanasoma wanasahau."

"Nitasahauje? Kila asubuhi nausoma mara kumi."

Kalamu ya nesi ikasimama. Akamtazama Mkurugenzi, akaitazama tai, kisha akamtazama mdogo mtu aliyekaa kitandani, naye akainamisha uso. Nesi akaendelea kuandika. Mkurugenzi hakuona lolote kati ya hayo. Alikuwa anatazama ule mdomo mdogo, na siku ya tatu ulipofunguka ukashika ziwa, alilia akajifutia tai.

Wiki ya sita ikafika. Mdogo wake alisema ana shughuli zake, kaka ampeleke mtoto chanjo. Mkurugenzi alifurahi kupita kiasi. Kwenye mfuko alikuwa na simu zake zote na kofia tisa za rangi tisa, ambazo mdogo wake alimshonea bila kuuliza ni za nini. Hilo peke yake lingetosha kumshtua.

Mara ya kwanza mambo yalikwenda kihalali. Mtoto alipimwa, kilo nne na nusu, akachomwa sindano pajani, akabandikwa plasta, akalia. Beseni likatoka. Mkurugenzi alizunguka nyuma ya choo, akamvalisha mpwa wake kofia nyekundu, yeye akavaa miwani ya jua, akarudi.

"Mama wa mtoto?" nesi aliuliza.

"Kasafiri. Mimi ni mjomba."

"Sasa hivi katoka mjomba mwingine hapa."

"Wajomba tunafanana sana, dada."

Nesi akamweka mtoto kwenye mizani. "Kilo nne na nusu."

"Watoto wa siku hizi, naona wamekubaliana."

"Na hii plasta?"

"Kazaliwa nayo."

Nesi aliandika hilo pia, kwa utulivu wa mtu anayeandika hali ya hewa. Kisha akachukua bomba la sindano. "Haya. Kila mtoto na sindano yake. Una watoto tisa mfukoni, nakusubiri. Mshike mguu."

Mkurugenzi aliuona mlango wake. Aliyaona maandishi yake, kwa rangi nyeupe. Halafu akashusha macho akamwona mpwa wake, ambaye ndiyo kwanza amenyamaza na ameikamata tai kwa ngumi. Akaifunika ile plasta kwa kiganja.

"Nichome mimi," alisema. "Zote tisa. Hakuna wa tatu, dada nesi. Hakuna wa tano. Yupo huyu mmoja tu, na nampenda."

Nesi akaliweka bomba chini. Lilikuwa tupu, na kifuniko chake hakikuwahi kutoka. "Najua tangu siku ya kumi na mbili," alisema. "Mdogo wako alinimalizia hadithi wodini. Lete laini."

Akazitoa. Nesi akavuta pazia. Kwenye benchi la nyuma walikaa kina mama wa uani na vichanga vyao. Walikuwa tisa.

"Hawa wamefuata kila ulichosoma," nesi alisema. "Vifurushi ni vyao."

Mkurugenzi alikimbia mpaka kwa Mama Duka, mtoto kifuani, kwenda kuomba muda. Stoo ilikuwa wazi. Ndani cherehani ya mdogo wake ilikuwa inanguruma, na mlangoni rangi nyeupe haijakauka: MKURUGENZI, KOFIA NA NGUO ZA WATOTO.

"Wewe uliniahidi mabeseni," Mama Duka alisema. "Mdogo wako kaniletea wateja tisa, wale kina mama wa uani, na ndio watakaoshona naye."

"Lakini hicho ni cheo changu," Mkurugenzi alimlalamikia mdogo wake.

"Kilikuwa hakitumiki, kaka."

"Na mimi je?"

"Una kazi. Mtaa mzima huu, nani mwingine anajua watoto?"

Jumatatu mkeka ulitandikwa uani, vichanga kumi juu yake. Mama zao walikuwa hatua chache tu, nyuma ya duka, wakija kwa zamu kunyonyesha. Mkurugenzi alikaa kwenye kigoda chake, tai imelowa maziwa. Wa tatu alikuwa na kwikwi. Wa saba akapiga chafya. Akaangalia saa, akamwangalia wa tano aliyelala fofofo, akaanza kupata matumaini.

Saa kumi kamili, wa tano akaanza kulia.